Picha Kumi na Nne za Mlango wa Bi Hatsue

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumanne, mlango wa karatasi wa kabati la Bi Hatsue Kuramochi, Yanaka, Tokyo, ulikuwa na mpasuko wa sentimita tisa. Kingo zake zilinyooka kama zilizopitiwa na wembe. Genzo Todoroki, mnunuzi wa vitu vya kale, hakuziangalia kingo. Alichungulia ndani, na jicho la mwigizaji katika picha ya kale, lililochapwa kwa ubao wa mcheri, likamtazama.

Alikuwa ameitwa kununua kimono, na alikuwa ameshatoa kadi yake ya biashara kwa mikono miwili. Mkobani alikuwa na yeni laki tisa, karibu mtaji wake wote. Alijua kwamba mafundi wa zamani walijaza milango karatasi chakavu, na kwamba picha za waigizaji zilikuwa karatasi chakavu kabla hazijawa mali.

"Bibi, mlango huu utakuletea baridi. Nitautupa, nikuletee mpya. Bure."

"Una moyo, mwanangu. Lakini marehemu mume wangu aliupenda."

"Basi elfu hamsini, za kumbukumbu."

"Mimi alinipenda kiasi. Mlango aliupenda sana."

Laki mbili. Bibi akamimina chai. Laki tano. Bibi akafuta chozi ambalo hakuna ushahidi kwamba lilikuwapo. Kwa laki tisa, na mlango mpya juu yake, huzuni ikapoa.

"Una macho makali," alisema akimsindikiza. "Wengine wangeona mlango tu."

Saa nane, dukani, Todoroki aliulainisha mlango kwa mvuke, akabandua picha kumi na nne. Ya kwanza aliiinua kwenye mwanga. Ilikuwa na matundu ya wadudu. Vizuri, mdudu ni cheti cha umri. Lakini mdudu hula kwa kupindapinda. Matundu haya yalikuwa duara, yenye ukingo wa kahawia: sindano ya moto. Yalikuwa saba, karibu na sikio la kushoto. Todoroki, kila alipozeesha nakala mpya ili aziuze kama za kale, alitoboa saba daima, karibu na sikio la kushoto. Ni mtu wa utaratibu.

Nyuma ya picha ya mwisho ilibandikwa kadi ya biashara iliyofifia, yenye jina lake mwenyewe. Chini yake, kwa mwandiko wa mzee: "Muuzaji mwaminifu sana." Picha alizikumbuka zote. Mzee aliyemuuzia hakumkumbuka.

Alhamisi, saa kumi jioni, seremala, aliyelipwa na Todoroki kabla ya mvuke, alifikisha mlango mpya Yanaka.

"Ndani kuna nini?" aliuliza Bi Hatsue.

"Karatasi nyeupe tu, bibi."

"Afadhali."

Akausukuma. Uliteleza hadi mwisho bila kukwama.