Kanuni ya Kwanza ya Shule ya Sebuleni

Jumapili, 14 Julai 2013

Leo mkono wangu umeinuka wenyewe. Sikuutuma.

Ibada ilikuwa inakwisha. Mchungaji Jacques akatangaza kwamba tarehe 11 Agosti, siku ya kufunga kongamano la akina mama, tutatembelewa na mhubiri mkubwa, Mchungaji Anselmo, kutoka Guinea ya Ikweta. Vigelegele! Kisha akasema mgeni hajui Kifaransa wala Kiingereza. Kwao wanasema Kihispania. Waafrika wanaosema Kihispania! Akauliza kama kuna mwenye kuijua lugha hiyo. Nikamwona Peguy anakuna kidevu.

Peguy ni mpiga kinanda wetu, ana duka la simu Pinetown, na ananinyemelea. Mimi ndiye mkalimani wa Kifaransa hapa kanisani kwetu ugenini, miaka sita sasa. Mhubiri akisema, nageuza kwa Kiswahili. Akirusha mkono narusha, akifuta jasho nafuta, hata kama sina jasho. Peguy amepewa wageni wa Kiingereza tu, lakini anaitaka maikrofoni yangu. Basi kabla hajamaliza kujikuna, mkono wangu ulikuwa juu. Nikasema Kihispania nakijua tangu utoto wangu Lubumbashi.

Nyumbani Félicité akauliza mbona miaka kumi na minne ya ndoa hajawahi kukisikia. Nikamweleza kwamba Kihispania ni Kifaransa kilichotiwa chumvi. Akasema niangalie nisije nikazidisha.

Jumatatu, 15 Julai

Shule zimefunguliwa leo baada ya likizo. Wanangu nimewabakiza nyumbani.

Wazo nimelitoa kazini. Mimi ni mlinzi wa usiku Morningside, mtaa wa matajiri, na familia ya nyumba namba nne haipeleki watoto shule. Mama yao anawafundisha sebuleni, ramani ukutani, Kihispania kila siku. Mwezi wa tano alitupa boksi la vitabu, nikaokoa kimoja cha Kihispania. Sasa angalia akili yangu: mtu mzima akikariri maneno peke yake, watu wataona anajifunza. Akiyakariri mbele ya watoto, anafundisha!

Félicité alipiga kelele. Alitaja sheria, alitaja mwalimu mkuu, alitaja mama yangu. Mwisho akakubali mpaka tarehe 11 Agosti, si zaidi. Siku ya pili yake watoto wanarudi shuleni, hata kama mimi nimekuwa profesa.

Kitabu kimechanwa mwanzoni. Zimebaki sura tatu: uwanja wa ndege, mgahawani, na kwa daktari wa meno. Majibu yamekwisha kujazwa kwa penseli. Vizuri, nusu ya kazi imefanyika.

Jumanne, 16 Julai

Siku ya kwanza ya shule. Wanafunzi wawili: Yvette, miaka kumi na miwili, na Israël, minane. Nimevaa tai.

Nimeandika kanuni kwenye karatasi na kuibandika juu ya televisheni. Kanuni ya Kwanza: anayesikia kosa anyanyue mkono na alisahihishe kwa sauti, hata kama aliyekosea ni mkubwa. Zawadi ni pipi moja. Nimeiiga kwa yule mama wa namba nne. Haina hatari, kwa kuwa hapa nyumbani hakuna wa kunisahihisha.

Tumesoma meno. Nimewafundisha kusema jino hili linauma, lile pia. Saa tano usingizi wa zamu ukanichukua, tai na yote. Nimeamka saa tisa, watoto hawapo! Wameenda saluni kwa mama yao, West Street. Nikachukua kalamu, nikaongeza kwenye ratiba: saa tano hadi saa tisa, kujisomea.

Jumatatu, 22 Julai

Nimepita saluni. Yvette amekaa kwenye kigoda, anampa mama yake nywele za kusukia, na kitini amejaa mama mmoja mnene mwenye chupa ya kahawa, anaongea lugha ngeni kama mvua ya bati. Yvette anamjibu! Israël naye anacheka nao.

Nikauliza ni nani. Félicité akasema ni Mama Odalys, mke wa daktari fulani kutoka Kuba. Bwana yake hospitalini kutwa, yeye upweke unamleta hapa kila siku, nywele zisukwe zisisukwe. Mimi historia naijua. Wakuba walipigana Angola, Angola wanasema Kireno, kwa hiyo yule ni Mreno. Nikamkataza Yvette kuchanganya Kireno cha saluni na Kihispania changu cha kitabuni. Félicité alikohoa muda mrefu. Nadhani ni zile dawa za nywele.

Jumatano, 24 Julai

Yvette ameinua mkono mara kumi na moja katika sura ya mgahawa. Anadai kila neno ninalosema silo. Nikamwonyesha kitabu. Akasema kitabu kiko sawa, mimi ndiye siko sawa. Israël akaomba pipi kumi na moja kwa niaba ya dada yake.

Nimemnyima. Mtoto huyu anainua mkono kwa tamaa ya sukari. Lakini nilipolala wazo likaja. Mtoto mwenye masikio kama yale, Kiingereza cha shule ya huku, na mkono usioogopa wakubwa... na Jumapili Peguy ana mgeni wa Kiingereza! Nikaamka kuongeza chini ya Kanuni ya Kwanza: inafanya kazi mahali popote, kanisani hasa.

Jumapili, 28 Julai

Aleluya!

Mgeni alisema Yesu alifunga siku arobaini. Peguy akatupa kumi na nne. Yvette akasimama, mkono juu, adabu tele: samahani, Tonton Peguy, ni arobaini. Kanisa likacheka mpaka viti vikalia. Peguy alibonyeza kinanda bila kutaka.

Mchungaji Jacques akauliza ni nani amemfundisha mtoto kusimama katikati ya neno. Nikasimama mimi. Nikasema katika shule yetu ukweli hauogopi maikrofoni. Mchungaji akafikiri, kisha akasema ni kanuni nzuri, na kuanzia leo ni ya kanisa zima: mtoto akisikia kosa ainue mkono, asikilizwe. Watu wakapiga makofi. Nimempa Yvette pipi mbili, moja imefunikwa chokoleti.

Jumamosi, 3 Agosti

Peguy analipiza. Baada ya mazoezi ya kwaya amemwambia Mchungaji, kwa sauti ya kondoo, kwamba itakuwa baraka kumsikia Ndugu Ildephonse, ndiye mimi, akisema Kihispania kidogo kabla ya mgeni kufika. Nilitafuta mlango kwa macho. Peguy alikuwa amesimama mlangoni.

Nikamwita Yvette. Nikamwagiza supu kwa Kihispania, na mkate, na bili. Akanijibu maneno mengi, haraka, bila kupumua. Nilitikisa kichwa penye kutikisika, nikacheka alipotulia. Makofi! Peguy akauliza mtoto amesema nini. Nikasema anamshukuru mwalimu wake. Mkono wa Yvette ukaanza kupanda. Pipi ilifika mdomoni mwake kabla ya neno kutoka.

Njiani Israël akaniambia dada yake alisema Papa anakoroma darasani. Huyu mtoto amejuaje? Sikuuliza. Nina mambo makubwa zaidi wiki hii.

Ijumaa, 9 Agosti

Siku ya Wanawake ya nchi hii. Saluni imejaa, kongamano limeanza, na mimi nimebaki na kitabu. Nimejipima kwa ukweli. Naweza kupanda ndege, kuagiza supu na kung'olewa jino. Mahubiri ya saa nzima siwezi.

Tena kwa nini niyaweze? Nani atajua mgeni amesema nini? Yeye atasema yake, mimi nitasema yangu! Nimeandika kurasa tatu, moto mtupu, juu ya watu wanaotamani kazi za wenzao. Jina la Peguy halimo. Kinanda kimo mara tisa.

Kikwazo ni Yvette. Nimemwomba Félicité ampeleke chumba cha watoto wachanga Jumapili, awaangalie wakati wa mahubiri. Amekubali mara moja, na huku anatabasamu. Mwanamke huyu ukimwelewesha mambo kwa utaratibu anaelewa.

Jumapili, 11 Agosti

Naandika kwa kalamu ya Israël. Yangu nimeivunja.

Mchungaji Anselmo ni mtu mfupi, mpole, sauti ya chini. Nilianza vizuri. Akisema kidogo, mimi nasema mengi. Nikawaambia kwamba katikati yetu kuna mtu vidole vinamwasha. Watu wakaitika amina. Kinanda kikanyamaza. Mgeni akacheka, nikacheka. Akasugua mikono kama anayesafisha kitu, nikasugua, nikasema Mungu ataisugua roho ya wivu. Amina kubwa! Dakika kumi tamu kuliko zote za maisha yangu.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Yvette, na mtoto wa mtu kiunoni, amefuata chupa ya maziwa. Akasimama. Akasikiliza. Nilimwona anasikiliza. Nikaongeza sauti, nikaingiza mkono mfukoni kutafuta pipi, lakini alikuwa mbali, safu ishirini za viti.

Mkono ukapanda.

Niligeukia upande mwingine. Mchungaji Jacques akaniambia nisubiri, kanuni ni kanuni. Na mtoto akasema, adabu tele:

"Papa, hajasema vile. Amesema mwanaume mwenye kupenda bibi yake aoshe vyombo, asingoje kuombwa. Na ile ya vidole haiko. Hajasema kinanda hata mara moja."

Akina mama walisimama wote. Wote! Mama Bernadette, mwenye kongamano, akapiga kelele kwamba dakika kumi tunaibiwa vyombo vyetu. Na safu ya mwisho, karibu na Félicité, nani amekaa na misuko mipya, anapiga makofi? Mama Odalys. Mgeni akauliza kuna nini. Yvette akamjibu kwa lugha yake, na yule mtu mpole akacheka mpaka akashika mimbari. Ndipo nikajua Kuba wanasema nini.

Wakamleta Yvette mbele. Wakamtafutia kreti ya soda asimame. Maikrofoni ilitoka mkononi mwangu, sijui nani aliichukua, nadhani niliiachia. Aligeuza mahubiri yote, na yule mtoto kiunoni amelala. Mgeni akirusha mkono, yeye hakurusha. Alisema tu. Na sauti yake haikutetemeka, wakati mimi siku yangu ya kwanza nilitetemeka mpaka nikaomba maji. Iliniuma. Naandika hivyohivyo, iliniuma, na kwa dakika moja nilisahau kwamba iliniuma, nikasema amina na wengine.

Peguy alimpigia kinanda taratibu chini ya maneno. Alikuwa anatabasamu.

Jumatatu, 12 Agosti

Watoto wamerudi shule. Nimeosha vyombo. Félicité amekaa kitini akiangalia, akasema eish, sufuria iko na mgongo pia.

Amenieleza yote. Kumbe tangu mwaka jana watoto wakitoka shule wanaongea na Mama Odalys saluni; mwezi huu, kila siku, saa tano hadi saa tisa, aliwafundisha hasa, na malipo yake yalikuwa kupata mtu wa kuongea naye. Nimemjibu kwamba sawa, lakini msingi niliujenga mimi. Yule mama alipaka rangi tu. Félicité akaniongezea sahani.

Mchungaji Jacques amepiga simu. Kwa upole sana. Kifaransa atageuza Peguy. Mgeni wa Kihispania akija tena, ni Yvette. Mimi nimepewa idara ya viti: kupanga, kufuta, kurundika. Anasema ni huduma kama nyingine. Miaka sita! Nilikata simu nikarudia sufuria.

Jumapili, 18 Agosti

Nimepanga viti mia moja na themanini. Peguy amegeuza Kifaransa. Nilisikia makosa matano. Watoto wote walinyamaza, Yvette pia. Nilipomtazama akatazama dirisha. Baadaye akaniambia hayakuwa makosa.

Lakini sikiliza. Mwisho wa ibada Mchungaji akatangaza kwamba mwezi wa kumi inakuja kwaya na mhubiri kutoka Maputo, na huyo hajui ila Kireno. Akauliza kama kuna anayekijua. Peguy akakuna kidevu. Nikamwangalia Yvette: mikono mapajani. Hajui! Nilikuwa nyuma kabisa, kiti kimoja kwa kila mkono. Nimeangusha cha kulia.

Mchungaji aliutazama mkono wangu muda mrefu, kisha akasema tutaomba kwanza. Hilo si hapana.

Nyumbani Félicité alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akasema ana mteja wa Maputo, anakuja kusuka kila Jumanne, na Yvette akitoka shule atakuwa hapo. Nikamwambia anieleze mambo ya nywele siku nyingine, leo nina kazi. Kitabu cha Kireno sina, lakini sikihitaji. Kireno ni Kihispania kilichopunguzwa chumvi, na Kihispania, namshukuru Mungu, tayari nakijua.