Kinundu cha Chini ya Mwaloni

Jumatatu, 8 Juni 1772
Samadi tangu alfajiri. Mgongo umekufa. Saa nne Lodi Wexcombe, tajiri wangu, akaja mwenyewe bustanini, soksi za hariri nyeupe pe, akasimama mbali kidogo na toroli langu. Akasema Jumamosi tunacheza kriketi na timu ya Bwana Lionel Chaffey, hapa kwetu. Nikimtoa Bwana Lionel mchezoni kwa mpira wangu, naruhusiwa kwenda nyumbani Northumberland msimu wa kukata nyasi. Nikishindwa, mrushaji mpira atakuwa Tapsell wa mazizini, nami nibaki na samadi. Miaka mitatu sijamwona mke wangu Hannah. Wameniandika mtunza bustani, ila kitunguu na kitunguu saumu navitofautisha kwa kuonja. Kilichoajiriwa ni mkono huu wa kulia, wa kurushia mpira.

Jumanne, 9 Juni
Nimepata akili. Desturi ni kwamba wageni ndio huchagua mahali pa kusimamisha vijiti, vile ambavyo mrushaji akiviangusha, mpigaji ametoka. Chini ya mwaloni kuna kinundu kidogo. Mpira ukikigusa, unaruka kama chura aliyemwagiwa maji moto. Nakijua mimi tu. Sasa wageni watapachaguaje pale? Nikalitazama toroli. Toroli likanitazama.

Jumatano, 10 Juni
Nimemwaga samadi uwanja mzima, isipokuwa chini ya mwaloni. Matoroli sitini na moja. Tapsell akaja na kicheko chake, akauliza, Vipi, Mkaskazini, unapanda kabichi uwanjani? Nikamwambia akawaulize farasi wake, wao ndio waliochangia. Lodi naye akauliza. Nikasema nyasi zinahitaji kula, Bwana Mkubwa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyelijua hilo tangu utotoni.

Ijumaa, 12 Juni
Bwana Lionel kaja kukagua uwanja, leso puani. Alitembea hatua kumi. Akanyoosha fimbo kuelekea mwaloni. Pale, akasema, na tuondoke kabla sijazimia. Nikageukia kabichi nisionekane meno. Bunda la safari nimeshafunga. Shati, viatu, utepe wa Hannah.

Jumamosi, 13 Juni
Kuna jambo nilisahau. Na sisi tunapiga. Hapo hapo.

Lodi alitangulia na gongo lake jipya la kupigia mpira. Mpira wa kwanza ukagusa kinundu, ukaruka, ukamvua nywele zake za bandia, nazo zikaangukia vijiti, vikalala. Ametoka. Sisi wengine tukafuata mmoja mmoja. Fimbo ya mhesabu, inayochongwa alama moja kila tukikimbia kati ya vijiti, ilipata kumi na tisa tu, timu nzima.

Zamu yangu ya kurusha. Bwana Lionel kasimama. Nikakilenga kinundu, mpira ukapinda, akapiga hewa, nao ukapita katikati ya vijiti viwili. Katikati kabisa. Wote waliona. Lakini kile kijiti kidogo kinacholazwa juu ya hivyo viwili hakikuanguka, na kisipoanguka mtu hajatoka. Nikarusha tena. Katikati tena. Mara ya tatu Bwana Lionel mwenyewe akaniambia, Pole sana, mzee. Kisha akaupiga wa nne ukaenda kuzama kwenye samadi.

Hakuna aliyeufuata. Tapsell akasema kwa upole kwamba hilo shamba ni langu, nikavune mwenyewe. Nikaingia mpaka viwiko. Nilipoupata, Bwana Lionel na mwenzake walikuwa wamekimbia huku na huko mara ishirini, wametushinda, wameketi kupumzika.

Jumapili, 14 Juni
Siendi. Bunda nimelifungua. Tapsell ndiye mrushaji, na anatembea kama jogoo.

Lakini siku si mbaya. Lodi hakukasirika. Kanisani alimweleza kila mtu kwamba kumtoa yeye kulihitaji mpira ambao haujawahi kuonekana Uingereza. Akaniletea kipande cha pai ya njiwa kwa mkono wake. Tena tarehe 27 tunarudiana, kwa Bwana Lionel. Wageni safari hii ni sisi, na Lodi kaniachia mimi, mtaalamu wa nyasi, nichague mahali. Tukishinda, nakwenda nyumbani.

Nimemwandikia Hannah anoe mundu wangu, niko njiani. Nimekwisha kuuliza pia. Nyuma ya mazizi ya Bwana Lionel kuna kinundu kikubwa mara mbili ya chetu.