Cherehani ya Mama Mkwe Yaenda Maonyesho

Jumatatu, 3 Machi
Maktaba inaandaa maonyesho ya vitu vya kale Jumamosi hii, na kuna zawadi. Mkutubi mwenyewe kabandika tangazo mlangoni. Jirani yangu Bwana Tai keshajiandikisha. Anaitwa hivyo kwa sababu hatoki bila tai shingoni, hata kwenda kutupa taka. Ataonyesha cherehani yake ya kukanyaga kwa mguu, ile iliyokaa sebuleni kwake na chombo cha maua juu yake. Kaniambia hayo kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Mimi nina nini cha kale? Nimezunguka nyumba nzima. Redio, mbovu lakini si ya kale. Viatu vyangu, vya kale lakini si vya maonyesho.

Kisha nikakumbuka stoo! Chini ya mapazia yaliyochakaa ipo cherehani ya mkono ya mama mkwe. Mke wangu kanikumbusha, bila kuulizwa, kwamba mama yake anakuja Ijumaa kushona gauni la harusi la binti yetu, na kwamba hatashona kwa cherehani nyingine yoyote chini ya jua. Nikamwambia naelewa kabisa.

Mpango: niisafishe, Jumamosi iende, jioni irudi. Mama mkwe hana haja ya kujua.

Jumanne, 4 Machi
Nimeitoa. Nzito kama dhambi. Sanduku la mbao, kifuniko chenye mgongo kama wa kobe. Ndani, chuma cheusi chenye maua ya dhahabu. Uzuri ulioje!

Wajuzi mtandaoni wanasema cherehani hutambuliwa kwa namba yake. Nimeipata namba kwenye kibamba kinachoteleza chini ya sindano. Nikaitafuta. Kumbe ni kitu cha kale mno! Babu yangu alikuwa hajazaliwa. Nikaenda kwenye ukuta wa mpakani kumpasha Bwana Tai. Akajibu kwamba cherehani ya mkono ni mtoto, ya mguu ndiyo mtu mzima. Nikarudi ndani nimevimba.

Mchana nimesafisha. Uchafu upande wa kushoto ulikuwa mkaidi. Nami ni mkaidi. Nikachukua unga wa kusugulia masufuria, nikasugua mpaka mkono ukafa ganzi. Ukatoka wote.

Haukuwa uchafu. Yalikuwa maua.

Jumatano, 5 Machi
Nimeyachora upya maua kwa rangi ya kucha ya binti yangu, ya dhahabu. Yamefanana kidogo na maharage. Ukisimama mbali, hayana neno.

Kisha mafuta. Cherehani ina vitundu vidogo juu na pembeni, kila kimoja kinataka tone lake. Mafuta ya cherehani hatuna. Jikoni yapo ya kupikia. Mafuta ni mafuta. Nikajaza kila kitundu mpaka kikatema.

Ikazunguka kama maji! Kibobini chake, kile cha uzi wa chini, ni kirefu na chembamba, kinakaa ndani ya kikasha chenye umbo la mtumbwi, nacho kinakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma. Nikajaribu kwenye kitambaa cha vyombo. Kwanza nilizungusha mpini kinyume, uzi ukajisokota chini kama kiota. Mke wangu kapita akauliza ni ndege gani. Nikageuza mwelekeo. Tiki-tiki-tiki. Mshono mdogo, ulionyooka, kama umepigwa rula. Nimeshona kitambaa chote pande nne, kisha nikakikunja nikakishona tena. Sijui kwa nini nilifurahi kiasi kile. Kwa muda nikamsahau hata Bwana Tai.

Nimeiweka uani juani rangi ikauke.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa!

Cherehani imegoma. Jua limepika yale mafuta, yamekuwa gundi. Mpini hauendi mbele wala nyuma. Nimeibembeleza. Nimeipiga kofi. Kimya. Na mama mkwe anafika kesho!

Mpango mpya: niazime ya Bwana Tai. Nikaenda kwake, nikaisifu tai yake, nikasifu maua, nikasema binti yetu hana ndoto nyingine ila gauni lake lipite kwenye cherehani ile. Jasho likamtoka. Akasema haiwezekani. Akasema cherehani ile haipendi kushona vitu vyeupe. Akakimbilia jikoni kunipikia chai ambayo sikuiomba.

Nikaondoa chombo cha maua, nikaiinua cherehani kichwa kidogo, nichungulie chini. Nyepesi! Ndani hamna kitu. Hakuna chombo cha bobini, hakuna vyuma, hakuna chochote ila buibui na watoto wake. Gurudumu limegandishwa kwa gundi lisizunguke. Miaka yote hii, ganda tupu!

Bwana Tai akanikuta hivyo hivyo nimeinama. Akakaa chini. Akalegeza tai, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akanisihi nisimwambie mtu. Alisema aliinunua hivyo, akiwa kijana, kwa sababu alitaka sebule yake ionekane kama ya mtu ambaye mama yake alikuwa fundi. Nikamwapia kwamba siri hii nitazikwa nayo. Tukashikana mikono. Chai ilikuwa nzuri.

Lakini cherehani bado sina.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe kafika asubuhi, na mkasi wake mwenyewe ndani ya mkoba. Akasalimia watu, kisha akasalimia cherehani. Akashika mpini. Akaushika tena. Akainama, akanusa vitundu.

“Hii cherehani imekula nini?”

Nikasema labda ni hali ya hewa. Mke wangu akanitazama. Chupa ya mafuta ya kupikia ilikuwa imebaki robo.

Akaomba mafuta ya taa na unyoya wa kuku. Akaniweka mbele yake nishike taa, na kwa kila kitundu akatia tone, akasubiri, akasukuma mpini kidogo tu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Alikuwa akiongea nayo. Aliiambia pole. Kufika mchana ikatoa mlio, ikasogea. Akaendelea hivyo hivyo mpaka ikalegea yote, akaipangusa, ndipo akaipa mafuta yake halisi, aliyokuja nayo. Tone moja kila mahali. Kasema tone linatosha, kwani cherehani si sambusa. Kisha akaikimbiza kwenye matambara mpaka isiache doa.

Kuhusu yale maharage ya dhahabu aliuliza jambo moja tu: tangu lini inachanua upande mmoja.

Jioni alianza gauni. Binti yetu alikaa sakafuni akishikilia kitambaa kisiburuzike. Mama mkwe akamwambia kwamba mama yake naye alishonewa gauni lake la harusi kwenye cherehani hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nikifikiria Jumamosi.

Jumamosi, 8 Machi
Wanawake wote watatu wakaenda sokoni kutafuta lesi. Nafasi!

Tatizo: gauni lilikuwa bado limebanwa chini ya sindano. Niliogopa kulivuta lisichanike. Nikalichukua pamoja na cherehani. Gauni kwenye kapu, kapu na cherehani kwenye toroli, shuka safi juu ya vyote. Bwana Tai naye alikuwa njiani na ganda lake. Tukasalimiana kama mabalozi.

Watu walijaa. Nilikuwa nimeandika kadi, jina langu na ile namba juu: *Cherehani ya zama za mababu, masalia adimu, pamoja na gauni la bibi harusi wa enzi hizo.* Wakasongamana! Wakalishika gauni. Mama mmoja akasema wa kale walijua kushona, siku hizi hakuna. Nikaitikia kwa huzuni.

Ndipo nikamwona binti yangu mlangoni, lesi mkononi; njia ya sokoni hupita hapo hapo.

Hakunigombeza. Alitazama mikono ya watu juu ya gauni lake, macho yakamjaa machozi. Nilitamani kuingia ndani ya kile kifuniko cha mbao. Mke wangu alikuwa nyuma yake. Mama mkwe alisoma kadi taratibu. Mkutubi, mwanamke mpole, akasogea akanong'ona kwamba niliyoisoma ni namba ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kile kibamba, na ya cherehani yenyewe iko kwenye kitako. Akapangusa vumbi, akatafuta kwenye simu, akatangaza mwaka.

Mama mkwe akasema huo ndio mwaka aliozaliwa yeye. Akanigeukia. “Kwa hiyo na mimi ni masalia, mwanangu?”

Ukumbi mzima ukacheka. Yeye hakucheka. Akaomba kiti. Akamfuta binti yetu machozi kwa ncha ya kitenge chake, akamwambia ashike kitambaa kama jana, akaanza kuzungusha. Tiki-tiki-tiki. Watu wakasogea karibu. Akamaliza mshono wote wa ubavuni mbele ya macho yao, akakata uzi, wakapiga makofi. Binti akacheka huku bado analia.

Mtu akapaza sauti kwamba sasa na ile ya mguu ishone. Bwana Tai akasema goti linamuuma. Wakasema ashone mwingine. Akanitazama. Nilikuwa nimeapa. Nikafunga mdomo. Niliufunga vizuri tu, mpaka waliponitazama mimi na kadi yangu na kuanza kucheka tena. Basi nikawaambia wamwombe aifungue chini.

Zawadi kapewa mama mkwe. Kwenye kadi wamefuta jina langu.

Jumapili, 9 Machi
Binti kanisamehe. Mke wangu anafikiria. Bwana Tai kapita uani bila tai na bila salamu.

Jumapili, 16 Machi
Harusi ilikuwa jana. Gauni limesifiwa na kila mtu. Mama mkwe kampa binti ile cherehani, na kasema, nikiwa nimesimama pale pale, isikae kamwe kwenye nyumba ambayo mimi nina ufunguo wake. Nimeona ni maneno ya furaha tu. Watu husema mengi harusini.

Leo tumekwenda kumsalimia baba wa bwana harusi. Mtu mwema, mkimya. Ukutani ana saa ya zamani, ya babu yake, yenye nyumba ya mbao na kengele. Imesimama siku nyingi naye anaionea huruma. Nikamwambia kwamba mashine za kale mimi nimezishughulikia, si mgeni nazo. Akafurahi sana. Mke wangu alikuwa jikoni.

Saa iko hapa mezani. Nimeshaifungua mgongo. Ina magurudumu mengi kuliko nilivyotarajia, lakini kanuni ni ile ile.

Springi moja imeruka. Haijaenda mbali, dirisha lilikuwa wazi nusu tu.