Wembe Mmoja Mkali, Mkoba Mzima wa Butu

Siku ya pili ya mwezi wa pili wa kalenda ya Kichina, jiji zima la Tianjin hutafuta kinyozi. Mwezi wa kwanza hakuna anayethubutu kukalia kiti chake, kwa sababu husemwa kwamba anayenyolewa mwezi huo humuua mjomba wake. Na mjomba, hata akiwa mchoyo, ni mjomba. Asubuhi ile foleni ilitoka dukani, ikakunja kona, ikaishia kwa muuza maandazi ya mvuke. Ning Baoshan aliitazama kama mkulima anavyotazama shamba lililoiva.

Mkobani alikuwa na nyembe za kukunja alizozipata kwa bei ya chuma chakavu. Zilitoka kiwandani bila kunolewa, na makali yake yalikuwa ya kijiko. Wembe mmoja tu aliupeleka kwa fundi, ukarudi unakata unywele unaoning'inia. Huo ulikuwa wa kuonyesha. Zile nyingine zilikuwa za kuuza.

Hakuwa mtu mbaya. Alitaka koti jipya tu, maana mchana alikuwa aende kwa mjomba wa mchumba wake, Cuilan, na bila kauli ya mjomba huyo hakuna harusi. Cuilan mwenyewe aliamini kwamba Baoshan ni karani wa stesheni.

Akapita kando ya foleni taratibu. Kuanza si gharama, aliwaambia: sabuni ya kufulia inatosha, jiwe la kunolea ni kitako cha bakuli lako la wali, na ukanda wa ngozi tayari umeuvaa kiunoni. Kinyozi unamlipa mpaka kufa. Wembe unaulipia mara moja. Kisha akajipaka povu, akaupitisha ule mkali kwenye shavu la kulia, kama anayefuta meza. Watu wakaanza kutoka kwenye foleni, wakanunua, wakaenda kujaribu pembeni.

Kati yao alisimama Yan Kuiwen, mjomba mwenyewe wa Cuilan. Alikuja makusudi, baada ya jirani kumnong'oneza kwamba karani wao anaonekana barabarani na mkoba. Baoshan hakumjua kwa sura. Wala hakujua kwamba mzee huyo aliishi ujana wake wote kwa kuuza plasta za mgongo zisizotibu kitu magulioni.

"Nataka huo uliojinyolea," mzee akasema.

"Zote ni ndugu, baba."

"Ndugu hawalingani. Nakupa bei mara tatu."

Baoshan akajifanya anaufunga wembe huo katika karatasi nyekundu, lakini kwa wepesi wa mikono akafunga butu, ule mkali akautia mfukoni. Mzee alishukuru sana. Alimkumbatia kama mwanawe, na alipomwachia, nyembe mbili zilikuwa zimehama tena bila Baoshan kujua: mkali kwa mzee, butu mfukoni mwake.

Zamu ya shavu la kushoto ilipofika, wembe alioutoa mfukoni ulikwama. Baoshan akatabasamu huku machozi yakimtoka.

"Kaka, mbona unalia?" mmoja akauliza.

"Ni kwa ulaini wake," akajibu, na akaona kwamba waliokwisha kununua wanarudi, kila mmoja na mkwaruzo wake. Aliwaachia mkoba, akakimbia.

Kukosa kufika kwa mjomba wa Cuilan siku ile kungekuwa tusi, kwa hiyo alifika hivyo hivyo, amenyoa nusu uso. Yan alimfungulia mwenyewe. Beseni la maji moto lilikuwa tayari mezani. Baoshan akamtambua mteja wake wa asubuhi, akakalishwa kitini.

"Mpwa wangu anasema wewe ni karani."

Ule wembe mkali, mkononi mwa Yan, ulikuwa chini ya sikio lake. Kwa mara ya kwanza maishani, Baoshan aliuona ukweli rahisi kuliko uongo.

"Nauza nyembe, mjomba."

"Kama huu?"

"Zile nyingine."

Yan alinyoa upana wa kidole, akaishia hapo, akaufuta wembe. Kuhusu watu wa foleni, alisema, hana la kuhukumu. Yeye mwenyewe amekula kwa kazi hiyo hiyo.

"Ila nyumbani hatuuziani butu. Nenda kwa Cuilan ulivyo. Ukishamwambia, rudi nikumalizie."

Njiani Baoshan alitunga uongo wa aina tatu, na wa tatu ulikuwa mzuri kweli. Cuilan alifungua mlango, akatazama shavu hili, akatazama lile, akacheka mpaka akashikilia kizingiti. Ikawa zamu ya Baoshan kusema, na hakukumbuka hata uongo mmoja, kwa hiyo akaanza na nyembe.