Utumbo wa Mzee Ambrose Umezama

Leo Kiingereza kimenivua nguo mchana kweupe, na jirani alikuwepo.

Kwa wasionijua humu, nijitambulishe kwanza ili aibu ipate vipimo vyake kamili. Nimefundisha Kiingereza sekondari Morogoro miaka tisa. Tisa! Sasa niko Toronto, na wiki hii nimeanza kazi ya kutunza wazee majumbani. Leo ilikuwa siku ya tatu. Bado niko kwenye majaribio, maana yake kosa moja kubwa tu naambiwa asante, pita na mlango ule.

Mzee wangu anaitwa Ambrose. Ana miaka themanini na tatu, anaishi na bintiye Noreen huku Downsview. Kwao ni Newfoundland, kisiwa cha mashariki kabisa ya Kanada, ambako alivua samaki kila kiangazi na kukata kuni msituni kila baridi mpaka magoti yakagoma. Lugha yao huko ni Kiingereza. (Wanasema.)

Saa mbili asubuhi nimefika, Noreen anatoka kwenda kazini. Mzee akanipokea: "Karibu, bata wangu."

My ducky! Nikajitazama miguu. Noreen akacheka. "Ni mapenzi tu hayo. Kwetu kila mtu ni bata." Nikasema haya.

Saa nne mzee kakaa mbele ya meko ya kuni sebuleni. "Bata, tia junk motoni."

Sasa, junk mimi naijua. Ni takataka. Nilishangaa kidogo, lakini mzee wa watu ana baridi, nibishane naye kwa nini? Nikabeba ndoo ya jikoni. Nikatia maganda ya viazi, boksi la maziwa na mfuko wa mkate. Moshi uliotoka! Mzee alikohoa mpaka meno ya bandia yakahama.

"Unafanya nini, mwanamke?"

"Natia junk, mzee."

"Junk ndiyo hii!" Akanionyesha gogo kando ya meko. Kumbe kwao junk ni kipande cha gogo la kuni. Gogo!

Nikafungua madirisha yote na theluji ile nje. Nikaapa kwamba sikisii tena maneno ya huyu mzee. Nisilolijua, naangalia kamusi. (Hapa ndipo nilipojichimbia kaburi.)

Saa sita na nusu nimebandika jikoni samaki wa chumvi ambaye Noreen alimloweka tangu jana. Mara mzee akaanza kujipapasa tumbo, uso umekunjamana.

"Bata," akasema, "I'm gut-foundered."

Gut naijua, ni utumbo. Hilo lingine? Nikafungua kamusi kwenye simu. Kamusi ikanijibu bila huruma: kwa chombo cha majini, kujaa maji na kuzama.

Mungu wangu. Utumbo wa mzee umejaa maji na umezama!

"Imeanza lini hali hii, mzee?"

"Tangu saa tano, na inazidi. Hebu nipe huo mkate."

Nikauficha mkate. Kwenye mafunzo walituambia mgonjwa wa tumbo la hatari asitie kitu mdomoni mpaka aonwe na daktari. Nikazima jiko. Akachukua biskuti, nikamnyang'anya. Akaenda kwenye friji, nikaegemea mlango wa friji.

"Unataka kuniua?"

"Nataka kukuokoa!"

Nikapiga 911.

"Mgonjwa anapumua?" dada wa simu akauliza.

"Anapumua na anagomba."

"Tatizo hasa ni nini?"

"Utumbo umezama."

"Umezama wapi?"

"Humo humo ndani, dada. Njooni!"

Wakaja wahudumu wawili wa ambulensi, kaka mrefu na dada kijana. Kaka akamwinamia mzee: "Unajisikiaje, baba?"

"Gut-foundered! Na huyu hapa ananinyima chakula!"

Wakatazamana. Wazaliwa wa Toronto wote wawili, neno hilo hawajawahi kulisikia. Mimi nikawapa kamusi. (Mwalimu hakosi ushahidi.) Yule dada akasoma, akakunja uso, akaagiza machela.

Mzee akafungwa mikanda huku anapiga kelele: "Sitoki bila samaki wangu! Samaki wangu!" Dada akaandika kwenye karatasi zake kwamba mgonjwa anaona samaki. (Samaki alikuwepo jikoni kweli, lakini nani aliniuliza?)

Tumefika barazani, nani huyo anakuja na makoti mawili juu ya ndala? Bi Shirin wa nyumba ya pili, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, Kiswahili chake kinanishinda hata mimi.

"Mwalimu, mzee kapatwa na nini?"

"Utumbo umezama, Bi Shirin."

"Yarabi! Nilipouona ule moshi nilijua!" Akaanza kumwombea dua.

Hapo Noreen akapiga simu; nilikuwa nimemwachia ujumbe mara nne. Nikaweka spika ili wahudumu nao wasikie.

"Baba amesema neno gani hasa? Litamke kama alivyolisema."

Nikalitamka, tena kwa matamshi safi ya darasani.

"Ana njaa," akasema Noreen.

"Samahani?"

"Hilo neno maana yake ana njaa kali! Mpeni chakula!"

Machela ikasimama. Kaka mrefu akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Bi Shirin akakatiza dua katikati.

"Mwalimu! Yaani njaa ndiyo umeiitia ambulensi?"

Akakaa kwenye ngazi, juu ya theluji, akacheka mpaka yule dada akaenda kumpima yeye mapigo ya moyo.

Tukamrudisha mzee ndani. Alikula sahani tatu, kila tonge ananitazama kama mtu anayemlinda mwizi. Nikajua kazi imekwisha. Saa tisa bosi akapiga, nikapokea huku nimeshavaa koti.

"Bwana Ambrose amenipigia," bosi akasema. "Anasema usiondolewe. Anasema tangu mkewe afariki hajapata siku yenye mambo kama leo."

Nililia kidogo, sikatai.

Kisha bosi akanitumia fomu ya kueleza tukio, mistari miwili tu. Nimekaa nayo tangu nifike nyumbani. Mpaka sasa nimeandika: "Mgonjwa alisema ana njaa. Nikaficha mkate." Jamani, hii naimaliziaje bila kupelekwa polisi?