Mkanda Ule ni wa Jeshi Gani

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna mgonjwa wa kata yetu atakayetibiwa ugonjwa ambao asili ya jina lake haijathibitishwa. Serikali makini haiwezi kugawa dawa kwa maneno isiyoyajua. Mimi ndiye katibu wa Kamati ya Asili ya Majina ya Magonjwa, na waraka wenye maneno hayo niliuchapa mwenyewe.

Tulianza na mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayozunguka ubavu na kuunguza. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Sosthenes, aliuliza swali zito: jeshi gani? Tukaandika barua kuulizia. Tukafanya ziara ya mafunzo Iringa, tukakuta wenzetu nao hawajui, tukabadilishana uzoefu siku mbili. Kabati la dawa la zahanati likapigwa kufuli, na ufunguo akautunza Mwenyekiti.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mama Esnath, anayeuza viazi Mbalizi. Nesi Devota alitueleza kwamba dawa inatakiwa kuanza ndani ya siku tatu, la sivyo maumivu yanaweza kukaa miezi. Mwenyekiti akamhoji mama kuhusu jeshi.

"Mimi jeshi sijui, baba," alisema. "Hii kitu inazunguka kama mkanda, inaunguza. Basi."

Niliyaandika kama maoni ya mwananchi, yasiyo rasmi. Nakiri nilimwonea huruma. Alikuwa amelishika gauni lisimguse ubavu. Lakini utaratibu ni utaratibu. Tukamwambia alete barua ya mtendaji wa kata. Akaleta. Tukamwambia asubiri.

Siku ya tatu asubuhi Mheshimiwa aliingia zahanati amepinda, shati nje, mkono ubavuni. Mama Esnath alikuwa palepale kwenye benchi. Devota akalifunua shati la Mheshimiwa, akatazama, akachukua fomu yetu ya asili ya jina.

"Mkanda wa jeshi," alisema. "Jeshi gani, Mheshimiwa?"

Mheshimiwa akanigeukia mimi. Nikamkumbusha, kwa heshima zote, kwamba barua imeshakwenda na tunasubiri majibu.

Mheshimiwa akajishika tena ubavu. Kisha akaniagiza niandike kwamba inazunguka kama mkanda, inaunguza, basi. Chanzo cha taarifa: mtaalamu Esnath. Akatoa ufunguo.

Devota alifungua kabati, akampa dawa mtaalamu kwanza, maana ndiye aliyetangulia. Halafu akamgeukia Mwenyekiti, kwa upole kabisa, akamwomba barua ya mtendaji.