Kadi za Njano za Kristian

Kristian alikuwa amekalia pikipiki yake sokoni Lushoto, hana abiria, hana mpango, aliposikia wachuuzi wakinong'onezana habari za Kanada. Kumbe kuna mwanamke ameingia mjini, Efrazia, mwenye koti refu na simu mbili, anaandikisha watu wa kwenda huko kuchuma matufaa. Watu walewale ambao mapeasi yao yanaozea chini ya miti kwa uvivu wa kuyaokota, sasa wanasukumana kwenda kumchumia Mzungu ya kwake! Mungu awape nini tena?

Kristian aliuliza moja tu. "Chanjo mmeshachoma?"

"Chanjo gani?" wakauliza.

"Homa ya manjano," akasema kwa sauti ya mganga mkuu. "Bila kadi ya njano, ndege hupandi. Tena sindano lazima ikae mwilini siku kumi ndiyo kadi ifanye kazi. Lakini nina mtu wangu. Kadi unapata, sindano hukutani nayo."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyouza. Kadi zilitoka kwenye duka la fotokopi Mombo, na muhuri aliuchonga mwenyewe kwenye soli ya kandambili. Ismaili wa karoti, mtu anayejua kila kitu na hakuna anachokielewa, alichukua tatu, yake na za wake zake wawili. Bibi Salama yeye alikuja kupatana bei.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mimi nina miaka sitini na minane, homa initakie nini? Nipunguzie."

"Bibi, homa haiangalii umri."

"Basi nipe ya nusu."

Efrazia naye hakulala. Kila aliyesitasita alionyeshwa kadi za wenzake. "Unaona? Wenzako tayari, wewe unangoja nini?" Aliyeona kadi aliamini safari, aliyeamini safari alikimbilia kadi. Wakafika kumi na wanane.

Hapo ndipo Kristian, mjanja wa mji mzima, alipopotewa na akili. Alitazama foleni ile, aliyoitengeneza kwa kandambili yake mwenyewe, akajiambia kwamba watu wote hawa hawawezi kuwa wajinga. Loo! Akamfuata Efrazia.

"Dada, nafasi ipo?"

"Imebaki moja, kaka yangu, na kuna mtu wa Bungu anaililia."

Kristian akatoa mapato yote ya kadi. Hayakutosha. Akatoa na pikipiki, ambayo ndiyo ilikuwa mali yake yote duniani.

"Na chanjo?" Efrazia akauliza.

"Yangu nitachoma ya kweli. Sitaki mchezo na safari yangu."

"Vizuri sana," Efrazia akasema, akipokea ufunguo. "Na zile siku kumi usizisahau. Tuonane Mombo siku ya kumi na moja, basi litawachukua hapo."

Kristian akateremka Tanga, akachomwa, bega likavimba, akalala na homa siku mbili akimshukuru Mungu. Siku kumi zote hakumsumbua Efrazia hata kwa simu. Sheria ni sheria.

Siku ya kumi na moja, jua la Mombo likiwaka, watu kumi na tisa walisimama kando ya barabara kuu wamevaa masweta mazito. Basi la Efrazia halikuja. Saa saba simu zake zote mbili zilikuwa hazipatikani. Saa nane Ismaili alisema kile ambacho wote walikuwa wanaogopa kusema. "Tumeingizwa mjini."

Macho yakamgeukia Kristian.

"Jamani, hata mimi nimepigwa!" akalia, na machozi yalikuwa ya kweli. "Pikipiki yangu imekwenda! Ningekuwa mwenzake ningechanjwa? Tazameni!" Akaitoa kadi yake, akaiinua juu wote waione.

Bibi Salama akaichukua. Akatoa na ya kwake, akaziweka pamoja, akazipeleka karibu na macho.

"Kristian, mwanangu. Yako ina namba ya dawa na sahihi ya daktari. Mbona zetu zina alama za kandambili?"

Kristian akarudi nyuma. Akatafuta pa kukimbilia, lakini Ismaili alikuwa ameshamkamata ukosi wa sweta.

"Tusimpige," bibi akasema. "Ana bega bovu." Akavua sweta, akalitupia juu ya begi lake, akamsukumia begi miguuni. "Beba."

Wengine kumi na saba nao wakasogeza ya kwao. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita thelathini, na zote ni mlima.